Bajeti ya shule binafsi: panga miezi kabla ya jumla

Wenzangu wanaotunza hesabu za shule binafsi hapa Kigoma wameniomba somo hili. Shule nyingi ninazozijua hazikwami kwa sababu ada ni ndogo. Zinakwama mwezi wa sita: walimu wanadai mishahara, akaunti imekauka.

Hatua ya 1. Wiki ya pili ya Januari, pita darasani uhesabu watoto kwa macho. Rejista ya mwaka jana ina majina ya waliohama zamani. Tuseme umepata 180, ada ni 900,000 kwa mwaka: jumla milioni 162. Sasa punguza, maana si wote watalipa. Mimi huandika asilimia 85, yaani 137,700,000. Mmiliki atanuna. Mwache anune.

Hatua ya 2. Toa mishahara kwanza, ya miezi 12, maana hata likizo mwalimu anakula. Ikiwa ni 7,500,000 kwa mwezi, mwaka ni milioni 90. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara. Nusu ya mwajiri ni milioni 9. Zimebaki 38,700,000 za chakula, dizeli ya basi, chaki na mabati yanayovuja. Kodi mnayowakata walimu si pesa yenu: ifike TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Chora jedwali la miezi 12, uandike pesa itaingia lini hasa. Wazazi wetu wengi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji wanategemea dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inalala ufukweni. Mzazi huyo ukimdai siku hizo, unajitafutia madeni tu.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na muhula wa pili unafunguliwa Julai. Mimi nilishaandika makusanyo ya Julai sawa na ya Januari! Mishahara ya Julai tuliilipa katikati ya Agosti, na mwalimu wetu wa hisabati hakurudi. Siku hizi Mei hadi Agosti naandika nusu, na ada inalipwa kwa awamu nne, kila moja mwishoni mwa giza.

Hatua ya 4. Maharage na mahindi nunua wakati wa mavuno, Kasulu. Pesa yake itengwe Januari, akaunti ya pili.

Hatua ya 5. Ada yote ipite benki. Kila Ijumaa linganisha slipu na rejista.

Maswali ya wenzangu, na mahali walipo

*Kibondo:* Shikamoo dada. Mmiliki wetu akipata msiba au harusi anachota ada, anasema shule ni yake. Nifanyeje?

Marahaba. Mpangieni posho ya mwezi ndani ya bajeti, asaini vocha kama wengine. Akizidisha, andika ni deni lake. Usilifiche kwenye "matumizi mengineyo".

*Uvinza:* Mzazi kaleta magunia mawili ya mchele badala ya ada. Tupokee?

Pokeeni kama jiko linauhitaji. Upimwe kwenye mizani, kwa bei ya soko ya siku hiyo. Mkatie stakabadhi ya ada, kisha kiasi hichohicho kiingie matumizi ya chakula. Wengi husahau hilo la pili.

*Ujiji:* Hiyo akaunti ya pili si itachotwa vilevile?

Itachotwa, kama saini ni moja. Yetu ina saini tatu, na ya tatu ni ya mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama muuza mawese asiyecheka na mtu.