Kabla ya kumfungua mbwa ufukweni: mambo ya kuzingatia kwa anayefuga kando ya bahari

Mbwa wangu alinijia mbio akitikisa mkia, na pembeni mwa mdomo wake palining'inia uzi mwembamba usiozidi urefu wa kidole. Ulikuwa mshipi wa kuvulia. Nikaushika, nikaanza kuuvuta taratibu, akalia. Nikaacha palepale, na kuacha kule ndiko kulikomwokoa, kwa sababu ndoana ilikuwa imeshashuka kooni pamoja na chambo chake. Daktari wa mifugo aliniambia kuwa ningeendelea kuvuta, ningemchana koo. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: mshipi ule usikatwe karibu na mdomo, maana daktari huufuata ili kujua ndoana imekwama wapi. Ukiwa mrefu, ufunge kwenye mkanda wake wa shingoni usije ukamezwa wote, kisha umpeleke mnyama upesi.

Tukio lile lilinifundisha kwamba hatari nyingi za ufukweni hutokea mnyama akiwa mbele yako hatua ishirini au thelathini. Ukishamfikia, limeshakuwa. Kwa hiyo karibu kila kitu cha maana hufanywa mapema, nyumbani, kabla mlango haujafunguliwa.

Anza na amri mbili: "njoo" na "acha". Mfundishe uani, kwa vitu anavyovipenda kwelikweli, hadi akiwa na kitamu mdomoni akiteme kwa neno moja. Kama bado hajafika hapo, basi ufukweni atembee na kamba, hata kama hakuna mtu mwingine. Vinavyotupwa na mawimbi si takataka tu. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu kali inayoitwa tetrodotoksini. Kumpika hakuiondoi, na dawa ya kuivunja mwilini haipo. Mwaka 2009, mbwa kadhaa walikufa baada ya kuzuru fukwe za Auckland, New Zealand, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wameokota konokono wa baharini wasio na gamba, wenye sumu hiyohiyo. Mnyama aliyetoka kuokota kitu mchangani kisha akaanza kutapika, kutetemeka au kulegea miguu, usikae kumtazama kama atapata nafuu. Kila dakika ina thamani.

Chukua maji baridi ya kunywa na bakuli, umnyweshe kabla hajashuka mchangani na tena kila mnapopumzika. Mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari, na hata yule anayekimbilia mpira majini humeza mengi bila kukusudia. Chumvi ikizidi huanza kwa kutapika na kuharisha, na mambo yakiwa mabaya huishia kwenye kuyumba na degedege. Mchanga nao, bonyeza kiganja chako juu yake. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Mkirudi, msuuze chumvi na umkaushe masikio.

Sasa niende kwenye upande ambao wafugaji wengi tunaupuuza. Tunajiuliza bahari itamfanya nini mbwa wetu, ni nadra kujiuliza mbwa wetu atawafanya nini wenyeji wa pale.

Kabla ya kutoka, angalia saa za maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni hushuka kula. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapopanda kuliko kawaida, hubanana kwenye kipande kidogo cha mchanga wakipumzika. Wengi wao ni wasafiri. Mwaka 2022, ndege mmoja mwenye mdomo mrefu, aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari yake, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua popote. Ndege wa namna hiyo akifika amebaki mifupa na manyoya. Mbwa anayemkurupusha kwa kucheza tu anamlazimisha kutumia nguvu asizokuwa nazo, na mwenye mbwa anaona kundi zuri likipaa angani. Nami nililiona hivyo kwa miaka mingi, na linaniuma.

Msimu wa kutaga ni mzito zaidi. Baadhi ya ndege hawa hawajengi kiota chochote. Hutaga juu ya mchanga mtupu, mayai yenye madoa yanayofanana na kokoto, juu kidogo ya mstari ambapo maji hukomea. Mama akiona mbwa, hata aliye kwenye kamba, huondoka, na yai lililoachwa juani linaweza kuharibika kwa muda mfupi. Ukimwona ndege akikimbia mbele yenu huku akiburuta bawa kama limevunjika, jua kwamba hajavunjika: anawavuta mbali na mayai yake. Simama, mshike mbwa, rudi kwa njia mliyojia, ukitazama pa kukanyaga. Nyakati nyingine za msimu huo, tembea chini kwenye mchanga mbichi, ambako hakuna anayetaga.

Penye kasa, kuna mambo mengine ya kujua. Kasa hupanda usiku, akafukia mayai ambayo mara nyingi huzidi 80 na hufika mia au zaidi, na yanakaa humo takriban miezi miwili. Pua ya mbwa huyapata. Ukikuta amefukua, mwondoe, kisha usiyazungushe mayai wala kuyahamisha, kwa kuwa kiumbe kilichomo hujishikiza kwenye ganda na kugeuzwa kunaweza kukiua. Yafunike kivuli na uwaite wahifadhi wa eneo lako. Namba yao iwe tayari kwenye simu yako. Nyumbani, zima taa zinazotazama bahari. Watoto wa kasa hufuata mwangaza, na taa ya baraza huwapeleka barabarani, kwa magari, au uani kwako, kwa paka.

Kuhusu paka, nina msimamo ambao baadhi ya marafiki hawaupendi: paka wa pwani alale ndani, na aingie kabla ya magharibi. Machweo na alfajiri ndizo saa zake za kuwinda, na kinda lililo chini halina pa kukimbilia. Mzoeshe mapema kwa kumpa mlo wake wa jioni ndani, saa ileile kila siku. Kuna sababu ya pili isiyoonekana kwa macho. Paka anayekula panya na ndege huweza kubeba kimelea kiitwacho Toxoplasma, ambacho mayai yake hutoka na kinyesi. Mvua huyasomba hadi baharini, na yanadumu humo. Kimelea hicho kimeua fisi-maji wa baharini huko California na pomboo wa New Zealand. Kwa hiyo kinyesi cha paka kisimwagwe chooni wala mtaroni. Kifunge kwenye mfuko na ukitupe na taka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isisubiri. Watu hufikiria mbweha na popo, lakini mwaka 2024 Afrika Kusini ilithibitisha ugonjwa huo kwa sili wa pwani, wanyama wa baharini wanaopanda mchangani kupumzika. Sili aliyelala peke yake mchangani kwa kawaida anapumzika tu. Usimsukume majini, usimmwagie maji, na mbwa asimkaribie hata kunusa. Ukiumwa na mnyama yeyote wa porini, au na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mizoga ya ndege nayo mbwa asiiguse, kwa ajili ya mafua ya ndege. Na dawa ya viroboto ya kudondoshea shingoni, mpake siku ambayo hatakwenda kuogelea, maana inayooshwa majini huua wadudu ambao samaki huwala.

Chakula cha wanyama kisibaki nje usiku. Huleta panya, panya huleta nyoka.

Lililobaki ni lile ambalo sote huahirisha: siku ya kuhama ghafla kwa kukimbia maafa. Wakati wa kimbunga Katrina, mwaka 2005, watu wengi walikataa kuokolewa kwa sababu hawakuruhusiwa kuondoka na wanyama wao, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria inayotaka mipango ya uokoaji iwahesabu wanyama wa nyumbani. Usingoje sheria. Ulizia sasa ni wapi mtapokelewa pamoja. Weka mfuko mmoja karibu na mlango: chakula cha siku kadhaa, maji, dawa, kadi ya chanjo, kamba ya akiba, na picha inayokuonyesha ukiwa na mnyama wako, ili usibishaniwe kuwa ni wako. Kibati cha jina hushikwa na kutu kwa chumvi, kwa hiyo kikague kila baada ya muda, na kama chipu ya kuwekwa chini ya ngozi inapatikana, iweke.

Kizimba cha paka kisikae stoo. Kiache wazi chumbani na kitambaa chake ndani, akizoee kulala humo. Wangu alichukua wiki tatu. Wiki ya kwanza alikinusa na kuondoka, ya pili akaweka miguu ya mbele, ya tatu nikamkuta amejikunja ndani usingizini. Ninakijali sana kizimba hiki kwa sababu ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla pasipo wakati wake, huenda tsunami inakuja, na hakuna nafasi ya kuinama chini ya kitanda na kubembeleza. Kama yuko karibu, unamchukua. Kama hayuko karibu, unaacha mlango wazi na kupanda mlimani.