Mara ya Kwanza Walt Disney World na Watoto: Anza na Futi Kamba, Tiketi Baadaye

Safari yetu ya kwanza niliipanga kwa miezi minane, nikaiharibu kwa sentimita mbili.

Kifungua mimba wangu alikuwa anaiota Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, tangu aione kwenye simu. Tulifika Magic Kingdom, moja ya bustani za michezo za Walt Disney World kule Florida, tukaelekea huko moja kwa moja, na hapo mlangoni tukakuta kipimo cha chini cha urefu: sentimita 112. Yeye alikuwa na 110, viatu vikiwa miguuni. Aliangua kilio mpaka mdogo wake naye akalia bila kujua analilia nini. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Kipimo hicho kimeandikwa wazi kwenye tovuti na kwenye programu ya simu, ila mimi nilikuwa nahangaika na hoteli yenye bwawa zuri.

Nimerudi mara tatu tangu hapo, mara mbili nikiwa na dada zangu na watoto wao. Siku hizi napanga kuanzia chini kwenda juu. Namwangalia kwanza yule mwenye miguu mifupi kuliko wote, mengine yanafuata.

Hatua ya 1: Pima watoto

Wasimamishe ukutani wakiwa wamevaa viatu watakavyosafiri navyo, uandike urefu wa kila mmoja. Kisha linganisha na masharti ya michezo ya kupanda. Kwa mfano, Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash zinataka sentimita 97, Soarin' na Test Track 102. Space Mountain, Expedition Everest na Flight of Passage zinataka 112, na TRON inapanda hadi 122. Wapimaji hawabembelezeki. Usimfundishe mtoto kusimama kwa vidole.

Wenye watoto wadogo wasikate tamaa, maana mingi kati ya michezo ya Magic Kingdom haina kipimo kabisa: Peter Pan's Flight, Dumbo, Jungle Cruise, Pirates of the Caribbean, Haunted Mansion. Hiyo miwili ya mwisho ina giza, na ndani mna mafuvu na mizimu. Kitinda mimba wangu alifumba macho mwanzo mpaka mwisho, kisha akaomba turudi.

Kwa ile yenye kipimo upo utaratibu uitwao Rider Switch, na ni wa bure. Mwambie mfanyakazi wa mlangoni kwamba mna mtoto asiyeruhusiwa. Mzazi mmoja anapanga foleni na wakubwa, mwingine anabaki nje na mdogo. Wa kwanza akitoka wanapokezana mtoto, na yule wa pili anaingia kwa njia ya mkato. Mtoto wenu mkubwa huenda akapata kupanda mara mbili. Shida ni kwamba hakuna atakayekutangazia, ni lazima uulize mwenyewe kabla hamjaingia kwenye foleni.

Ukishamaliza, mwambie kila mtoto ukweli mkiwa bado nyumbani. "Huu utaupanda, huu bado." Machozi ya sebuleni hukauka upesi.

Hatua ya 2: Chagua tarehe, ukiwa na vyeti vya kuzaliwa mkononi

Aliye chini ya miaka 3 huingia bila tiketi. Wa miaka 3 hadi 9 hulipa ya mtoto, na tofauti yake na ya mkubwa ni ndogo. Akifika 10 anahesabiwa mtu mzima. Kwa hiyo ukiwa na mtoto anayekaribia kutimiza miaka 3, kuwahisha safari kwa wiki mbili kunaokoa pesa nyingi.

Bei ya tiketi hubadilika kwa tarehe, na kalenda yenyewe itakuonyesha watu watafurika lini: pale bei inapopanda. Wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo mbaya kuliko zote. Pasaka, likizo za shule za Machi, na wiki ya Thanksgiving (sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani) mwishoni mwa Novemba nazo hujaa. Septemba watu hupungua kwa kuwa watoto wa Marekani wamerudi shule, ila ni kipindi cha joto kali na cha vimbunga, ambacho Florida huanza 1 Juni hadi 30 Novemba. Kiangazi chote tarajia mvua ya radi mchana. Ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa mpaka ipite. Mimi napenda mwisho wa Januari. Asubuhi utahitaji sweta.

Mkihitaji viza, subirini mpaka igongwe kwenye pasipoti ya kila mmoja, mtoto mchanga akiwamo, ndipo mlipe tiketi. Tiketi hizi hazirudishiwi pesa.

Hatua ya 3: Amua siku ngapi na wapi

Wengi hudhani Disney World ni bustani moja. Ni eneo la karibu kilomita za mraba 100, lenye bustani nne, na hakuna anayetembea kwa miguu kutoka Magic Kingdom kwenda Animal Kingdom. Magic Kingdom ndiyo ya kwanza, ilifunguliwa 1971. Zikafuata Epcot (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998).

Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka minane napendekeza siku nne za bustani ndani ya siku tano: mbili Magic Kingdom, moja mapumziko, moja Animal Kingdom, moja Hollywood Studios. Epcot ibakie safari nyingine, isipokuwa mna vijana. Tiketi ya kuruka bustani hadi bustani siku moja, iitwayo Park Hopper, achaneni nayo mara ya kwanza. Mtalipa zaidi ili mkakae kwenye basi.

Siku ya mapumziko iwe katikati. Dada yangu aliifuta ili "tusipoteze siku". Siku ya nne wanawe walilala kwenye benchi la plastiki mbele ya maonyesho waliyoyasubiri mwaka mzima.

Nyongeza kidogo kwa sisi wenye lugha: Animal Kingdom ina kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, na mabango yake yana Kiswahili. Kinaitwa Harambe, ile "e" ya pili sijui waliiacha uwanja gani wa ndege. Watoto wangu walizunguka wakisomea watalii mabango kwa sauti, na ndiyo saa moja ya safari nzima ambayo hatukulipia chochote cha ziada.

Hatua ya 4: Mtalala wapi

Hoteli za Disney zenyewe ni ghali na vyumba si vikubwa. Unachonunua hasa ni muda: mnaingia bustani yoyote nusu saa kabla ya wengine, mabasi ni ya bure, na mnaruhusiwa kununua foleni ya mkato mapema zaidi (nitaieleza). Hoteli za nje ni nafuu, nyingine zina jiko, na kwa familia ya watu sita hesabu inaweza kuegemea huko. Ila mkiwa na gari lenu, jueni kwamba maegesho ya Magic Kingdom hayako mlangoni. Mkishaegesha mnapanda feri au treni ya reli moja kuvuka upande wa pili wa ziwa. Tengeni dakika 45 kutoka kwenye gari hadi getini.

Hatua ya 5: Weka nafasi

Pakua programu ya My Disney Experience, ingiza tiketi zote za familia kwenye akaunti moja, na mjaribu kuitumia kabla ya safari. Halafu andika tarehe mbili ukutani.

Ya kwanza ni siku 60 kabla. Hapo ndipo migahawa ya kukaa hufunguliwa kwa kuweka nafasi, na ile ambayo wahusika wa katuni hupita mezani kusalimia watoto hujaa mapema. Chagueni mmoja tu. Siku nyingine mnakula haraka au mnakula mlichobeba.

Ya pili ni ya Lightning Lane, foleni ya mkato ya kulipia. Wa hoteli za Disney hununua siku 7 kabla ya kufika, wa nje siku 3 kabla ya siku husika. Ile ya Multi Pass inakupa kuchagua michezo mitatu katika bustani moja, kila mmoja na saa yake. Mkishautumia wa kwanza mnaongeza mwingine. Michezo michache inayogombaniwa zaidi, kama Rise of the Resistance na Flight of Passage, huuzwa peke yake. Sharti iwe kila siku? Hapana. Mimi hulipia siku za Magic Kingdom na Hollywood Studios tu. Chagua saa za asubuhi kwa yote mitatu, ili uanze kuongeza mingine mapema.

Dirisha hufunguka 7:00 asubuhi kwa saa za Florida. Yaani saa moja asubuhi ya huko kwa tunavyohesabu sisi, siyo saa saba. Nasema hivyo kwa sababu shemeji yangu niliyemwachia kazi hiyo aliweka kengele ya saa saba mchana.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Saa mbili za kwanza ndizo mali. Katika muda huo mtapanda michezo minne ambayo adhuhuri ingewala saa nne za kusimama. Kwa hiyo mfike getini dakika 45 kabla ya kufunguliwa, mkiwa mmeshakunywa chai. Lango likifunguka, usisimame kupiga picha mbele ya kasri la Magic Kingdom. Kasri halihami. Nendeni moja kwa moja kwenye mchezo wenye foleni ndefu ambao hamkuulipia mkato. Mkiwa Magic Kingdom, sehemu iitwayo Fantasyland ndiko wadogo waanzie, Peter Pan kwanza.

Jua likifika utosini, ondokeni. Naam, mmelipa, na bado nasema ondokeni. Kati ya saa saba na saa kumi foleni ni ndefu, lami inachoma, na watoto wa wenzenu wanagaragara chini wakilia. Rudini hotelini mkaoge na mlale, mrudi saa kumi na moja. Mlio mbali, tafuteni maonyesho ya kukaa yenye kiyoyozi, au kituo cha watoto wachanga, ambacho kila bustani inacho, chenye mahali pa kunyonyeshea na kubadilishia nepi.

Hatua ya 7: Mkoba

Viatu viwe vimeshavaliwa mwezi mzima. Simu yangu ilihesabu kilomita 14 siku moja, na malengelenge hayana dawa ya haraka. Beba pawabenki, maana programu ile hunyonya chaji, koti jepesi la mvua kwa kila mtu, na soksi za akiba. Chakula na vinywaji visivyo na kileo mnaruhusiwa kuingia navyo, ila chupa za kioo hapana. Maji ya barafu hutolewa bure kwenye migahawa ya kaunta, omba tu. Vijiti vya kujipigia picha viacheni nyumbani.

Kigari cha mtoto chukueni hata kama mtoto ana miaka sita na nyumbani anakimbia kutwa. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na matoroli ya kuvuta hayaruhusiwi. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye mpini, kwa sababu vitakuwa mia vinavyofanana, na wafanyakazi huvihamisha.

Andika namba yako kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto. Wafundishe kwamba wakipotea wamtafute mtu mwenye beji ya jina kifuani. Na pesa ya zawadi, mpe kila mmoja kiasi chake siku ya kwanza, kikiisha kimeisha. Utashangaa wanavyoanza kusoma bei.

Usiku, baada ya fataki, maelfu huelekea lango kwa pamoja. Nyinyi msiende. Kaeni pembeni Main Street, barabara ya maduka karibu na lango la Magic Kingdom, mle kilichobaki mkobani. Maduka ya hapo hubaki wazi kwa muda baada ya michezo kufungwa. Foleni ya mabasi ikipungua, mwamsheni taratibu aliyelala kwenye kigari, au mmoja wenu ambebe begani, kwa sababu ndani ya basi kigari lazima kikunjwe, na dereva hatawasubiri mkitafuta kitufe.