Kupanga Chumba cha Kulala cha Mtoto kwa Kanuni za Feng Shui

Feng shui, maneno ya Kichina yenye maana ya "upepo na maji", ni elimu ya kale ya China inayofundisha kwamba nguvu ya uhai iitwayo chi hupita katika makazi ya watu, na kwamba vitu vya ndani huituliza au huivuruga kulingana na vilivyopangwa. Chumba cha mtoto kina ugumu wake, kwa kuwa humo humo hulala, hucheza na husoma. Usingizi huhitaji yin, yaani utulivu, ilhali michezo huleta yang, yaani uchangamfu. Wazazi wengi hutaka tuanze na rangi za kuta, lakini mimi huanza na kitanda, kwa sababu kitanda kikikaa vibaya hakuna rangi itakayokirekebisha.

Hatua ya kwanza ni kupunguza vitu. Ondoa nguo zisizomtosha tena mtoto na vilivyovunjika, kisha safisha mvungu wa kitanda, ambao kwa kanuni hizi huachwa wazi ili chi izunguke pande zote za anayelala. Chumba kikiwa kidogo na mvungu ukalazimika kutumika, weka humo mashuka na mablanketi tu, wala si viatu au midoli.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo inayostahili muda wako mwingi, ni kuchagua mahali pa kitanda. Mchago uegemee ukuta imara, usiwe chini ya dirisha, na mtoto akiwa amelala aweze kuuona mlango bila kitanda kuwa katika mstari ulionyooka nao. Nafasi hii huitwa nafasi ya uongozi, na sababu yake ni rahisi kuielewa hata kwa asiyefuata feng shui: anayeona nani anaingia hana haja ya kulala kwa mashaka. Epuka kuielekeza miguu moja kwa moja mlangoni, kwani Wachina huihusisha nafasi hiyo na jinsi maiti anavyotolewa nyumbani. Chumba kisiporuhusu, sogeza kitanda kadiri iwezekanavyo, au weka kabati fupi kati ya miguu na mlango.

Kisha tazama juu. Boriti, rafu yenye vitabu na dari inayoinama huhesabiwa kuwa mzigo juu ya anayelala, na rafu hasa ningeiondoa hata kama feng shui isingekuwapo, kwa kuwa inaweza kuanguka. Kwa sababu hiyo hiyo, makabati marefu yafungwe ukutani. Kioo kisiutazame uso wa kitanda. Kikiwa kimekazwa mahali pake, kifunike kwa kitambaa usiku.

Hatua ya nne ni kutenganisha kazi za chumba. Midoli ikae upande ulio mbali na mchago, ndani ya vikapu vyenye vifuniko, na meza ya kusomea iwekwe ili mtoto asiupe mlango mgongo. Televisheni na simu zilale chumba kingine.

Rangi zije mwisho. Mambo ya asili ni matano, yaani maji, mti, moto, udongo na metali, na kila moja hulilea linalofuata. Kijani cha mti huhusishwa na ukuaji, kwa hiyo humfaa mtoto, na rangi za udongo humtuliza aliye na harakati nyingi. Nyekundu, rangi ya moto, itumie kwa uchache, kama vile kwenye mto mmoja au picha moja. Kwa mtoto mchanga, hata hivyo, usiweke mto wala mdoli kitandani, kwani usalama wa pumzi yake hutangulia kila kanuni.

Ukimaliza, lala kwenye kitanda hicho usiku, taa zikiwa zimezimwa, na utazame kila upande. Koti lililotundikwa au ncha ya kabati inayotoa kivuli cha kutisha utaiona hapo, nawe uiondoe kabla mtoto hajalala humo.