Rekodi podikasti mbele ya kabati la nguo

Ukirekodi podikasti kwa simu nyumbani, hasa vyumba vya Mji wa Kale vyenye kuta tupu na dari ya juu, fungua kabati lililojaa nguo uzungumze ukilielekea. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Zima feni, joto la dakika 10 linavumilika. Nguo hufyonza sauti ambayo ukuta ungeirudisha kama mwangwi, na anayesikiliza ili ajifunze hushika kila neno. Madera na kanzu zilizotundikwa zinafaa kuliko kabati lililo nusu tupu. Ila kelele za nje hazizuiliki hivi: honi za tuktuk na jenereta ya jirani zitaingia tu. Mimi hurekodi baada ya swala ya alfajiri.