SOMO: Saa ya Kinetic inayolala kila asubuhi, jinsi inavyojichaji na kubadilisha kapasita

Wakuu, naandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki tu. Kila wiki lazima aje mtu, "mkuu ile Seiko yangu ya kutikisa imegoma, niweke betri gani?" Jibu ni hakuna, usiweke betri. Soma kwanza.

Geuza saa uangalie mgongoni. Kama imeandikwa KINETIC au AGS, na namba inaanza na 5M42, 5M43, 5M62 na ndugu zake, hili somo ni lako. Seiko 5 haihusiki, ile ni ya springi tupu, haina umeme ndani.

Inavyofanya kazi: ndani kuna chuma cha nusu duara, rota, ukitembea inazunguka na kusukuma magurudumu yanayozungusha kisumaku kidogo kwa kasi ya ajabu, inaweza kufika mizunguko laki moja kwa dakika. Pembeni yake kuna koili ya waya wa shaba, basi ni dainamo ya baiskeli ile ile, tofauti saizi. Umeme unaingia kwenye kapasita, yaani kitunza chaji, kapasita inalisha sakiti, na kipande cha jiwe la quartz kinatetema mara 32,768 kwa sekunde kushika muda. Seiko walianza kuziuza 1988 kwa jina la AGS, jina la Kinetic likaja 1991. Za mwanzo zilikuwa na kapasita kweli na inachoka na miaka, unaivaa kutwa nzima halafu asubuhi unaikuta imesimama. Baadaye wakaleta kibetri cha lithiamu cha kuchajika kinachokaa pale pale, mafundi wengi bado wanakiita kapasita na mimi nitakiita hivyo hivyo.

HATUA

1. Itikise kabla hujanunua chochote. Upande kwa upande, upana kama sentimita 20, mara mbili kwa sekunde, piga mia mbili na ushee. Sio kuigonga kama kiberiti kilicholowa, ukisikia rota inazunguka inatosha.

2. Angalia mshale wa sekunde. Ukiruka sekunde mbili mbili, chaji imekaribia kuisha, endelea kutikisa. Ukienda moja moja, sawa.

3. Bonyeza kitufe cha pale kwenye namba 2. Mshale utakimbia kuonyesha chaji iliyobaki: ukiruka sekunde 5 ni ya siku moja na kuendelea, 10 ni wiki, 20 ni mwezi, 30 kwenye 5M62 ni miezi minne hadi sita. Halafu utasimama kidogo kusubiri muda uufikie, haijaharibika, acha kubonyeza bonyeza.

4. Ivae siku kadhaa mfululizo. Ikiwa bado inazima usiku na haivuki 5, kapasita imekwisha. Ikipanda mpaka 20, saa yako nzima, ilikuwa imelala kabatini tu.

5. Nunua seti ya kapasita mpya, namba 3023 5MZ, ndiyo ya familia ya 5M. Saa nyingine tafuta namba ya mashine yake.

6. Fungua mfuniko wa nyuma, toa skrubu ya katikati, nyanyua rota. Kuna gurudumu dogo chini yake linaweza kutoka lenyewe, kwa hiyo piga picha kila hatua na fanyia juu ya kitambaa cheupe.

7. HAPA SASA. Kapasita imeshikwa na kibati chenye skrubu, na jirani yake zipo koili, waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa wazi bila kifuniko. Bisibisi ikiteleza kidogo tu umekata waya, na waya ule hauungwi kwa kulehemu wala kwa maombi, unanunua koili nzima. Nina moja kwenye kikopo hapa mezani, naiangalia kila nikitaka kufanya haraka. Kwa hiyo: bisibisi iwe saizi halisi ya skrubu, shika mashine isicheze, funika koili na kipande cha plastiki laini, na ukigeuza bisibisi elekeza nguvu mbali na shaba. Tumia kibano cha plastiki, cha chuma kinapiga shoti. Zingatia plastiki ya kuzuia shoti inakaa upande gani, ukiisahau kapasita mpya haitashika chaji na utasema umeuziwa feki.

8. Rudisha kila kitu, raba ya mfuniko ipakwe grisi ya silikoni au weka mpya, funga, itikise tena.

MASWALI

Dogo_Mbagala: Mkuu yangu niliweka betri ya kawaida ya saa na inatembea fresh, mbona unatisha watu?

Itoe leo. Dainamo itaisukumia chaji betri ambayo haikutengenezwa kuchajiwa, inapata moto, inavuja, inaweza kupasuka. Ikila sakiti usinitafute.

Chuma Chakavu: ya kwangu inazima usiku shida nini

Hatua ya 4.

Chuma Chakavu: sawa ila betri gani

Nimesema.

Binti wa Chumbageni: Shukrani kaka kwa somo. Swali la kijinga, rota inazunguka kulia na kushoto, sasa ikirudi nyuma si inafuta chaji iliyoingia?

Dada hilo sio la kijinga hata kidogo, ni zuri kuliko yote hapa. Kisumaku kikigeuka upande wa pili umeme nao unageuka, lakini kabla haujafika kwenye kapasita unapita kwenye dayodi zinazounyoosha uwe wa upande mmoja. Ndiyo maana inachaji pande zote mbili bila gia za kugeuza. Na kuna sakiti nyingine ya kupandisha volti, ndiyo inaiwezesha saa kuamka hata kapasita ikiwa karibu tupu. Waswisi wa kampuni ya ETA walipita njia nyingine kwenye Autoquartz yao, rota inajaza springi kwanza, springi ndiyo inazungusha dainamo kwa vipindi.

Fundi Saa Tanga: Naongezea, mteja akileta saa inachelewa uliza anaiweka wapi usiku. Juu ya spika au kava la simu lenye sumaku, mota ya mshale inakwama. Ukiiondoa inarudi, unarekebisha muda tu.

Kweli kabisa fundi. Na tarehe msibadilishe kati ya saa 3 usiku na saa 7 usiku, gia zake zinakuwa kazini.

Mzee Kijiti: Mie nimestaafu, nakaa barazani tu, itajaa lini?

Shikamoo mzee. Kukaa kutwa kunaingiza kidogo sana, itikise wakati wa taarifa ya habari, au tafuta yenye mashine ya 5J22. Hiyo ukiiacha siku tatu inasimamisha mishale lakini ndani inaendelea kuhesabu hadi miaka minne, ukiitikisa kidogo mishale inakimbia yenyewe kwenye muda sahihi.

Boda wa Kange: Mimi nashinda kwenye pikipiki, kila nikibonyeza 30. Haitazidi ikaungua?

Hapana, ikijaa sakiti inakata. Piga kazi.