Kabla ya Kuizima Kompyuta Kuu: Namna ya Kuamua Programu Ipi Ihamie Kwenye Wavuti

Taasisi nyingi hukosea tangu mwanzo kwa kuuliza kama waachane na meinifremu, yaani kompyuta kuu inayoendesha kazi za taasisi nzima, au la, ilhali ndani ya mashine hiyo mna programu nyingi zenye kazi tofauti. Orodhesha kila programu, andika nani anaitumia, inapokea data kutoka wapi na kuipeleka wapi, kisha uamue hatima ya kila moja. Programu inayokokotoa mishahara usiku bila mtu kuitazama haihitaji kivinjari. Ile ambayo mteja anataka kuifungua kwenye simu akiwa Mbagala inakihitaji, na haina sababu ya kusubiri.

Baada ya hapo, keti na karani siku nzima. Katika ofisi moja maeneo ya Posta nilimwona mama wa uhasibu akiingiza hati za malipo kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, macho yakiwa kwenye karatasi na vidole vikijua njia vyenyewe, bila kugusa kipanya. Mfumo mpya ulipoletwa ulimtaka abofye mara sita kwa kila hati, na hadi adhuhuri rundo lilikuwa halijapungua. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Chunguza hesabu kwa makini kuliko kitu kingine chochote. COBOL, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa mwaka 1959 na inayotumika katika programu nyingi za meinifremu, hukokotoa fedha kwa desimali kamili, wakati aina ya namba ambayo waandishi wengi wa programu za wavuti huitumia kwa mazoea haiwezi kuishika 0.1 bila kasoro ndogo, na kasoro hizo zikijumlishwa katika miamala mingi vitabu havitalingana. Mzee anayeijua programu ya zamani akikaribia kustaafu, mwombe aeleze kanuni zake zote kabla hajaaga, kwani nyingi hazijaandikwa popote pengine.

Fikiria pia mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini. Mfumo wa wavuti unaotegemea seva ya ng'ambo ungeweza kusimama, ila ule wenye seva hapa Dar es Salaam ungeendelea kuhudumia ofisi.

Hamisha kidogo kidogo. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake kwenye mfumo mpya wikendi moja ya Aprili 2018, na hadi wateja milioni 1.9 wakashindwa kufikia akaunti zao. Ni salama zaidi kutanguliza skrini ya wavuti mbele ya programu ya zamani, nayo ikiendelea kufanya kazi nyuma yake, kisha kuendesha mifumo yote miwili sambamba hadi hesabu za kufunga mwaka zilingane kwa senti. Hapo ndipo mashine izimwe, nakala ya data yake ikiwa imehifadhiwa katika muundo unaosomeka bila mashine hiyo.