Jinsi ya kutafuta kazi ukiwa Kigoma bila kuishiwa hela na moyo

Wadogo zangu mliomaliza vyuo mkarudi nyumbani, na nyie mliokuwepo hapa hapa tangu form four, hii nawaandikia nyie. Kila nikipita Mwanga kwenye steshenari namkuta kijana anatoa kopi za vyeti rundo zima, hela inaisha na kazi yenyewe haina hata dalili, roho inaniuma.

Hali ni ngumu kweli, siyo kwamba hamjitumi. Huku kwetu ukitoa serikali na biashara, mwenye cheti alikuwa anategemea mashirika ya kwenye kambi za wakimbizi, Nyarugusu kule Kasulu na Nduta kule Kibondo. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, miradi ikafungwa, sasa watu waliokuwa na kazi zao wako mtaani wanaomba nafasi zile zile unazoomba wewe na wana uzoefu wa miaka. Serikalini nako kima cha chini cha mshahara kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kwa hiyo kila mtu macho yako huko. Ndo maana nasema hela yako ndogo na bando lako viende pale penye uwezekano tu.

Anza na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kabla ya kitu kingine chochote, maana bila hiyo hata akaunti ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, hufungui. Na sisi wa mkoa wa mpakani tunajua namba haiji kirahisi, unaweza kuitwa Uhamiaji uulizwe babu alizaliwa wapi, bibi kazikwa wapi. Inauma kuulizwa hivyo kwenye nchi yako mwenyewe na inawakosesha vijana wetu kazi, hilo nalisema wazi. Lakini usikae nyumbani umenuna, nenda na cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na kama yupo mzee wa ukoo anayejua historia yenu muombe akusindikize. Fuatilia hiyo namba sasa hivi hata kama hakuna tangazo, kwa sababu matangazo yanakaa wiki mbili tatu yanafungwa na NIDA haikimbizani na tangazo.

Halafu angalia majina. Hapa Kigoma hili tatizo ni kubwa, cheti cha form four kimeandikwa Ramadhani, cha chuo Ramadhan, kwenye NIDA Ramazani, na wote ni wewe. Siku ya usaili wanakagua vyeti halisi herufi kwa herufi na ukikwama hapo unarudishwa mlangoni hata kama kichwani uko vizuri. Vitandaze vyeti vyote mezani usome jina moja moja, vikipishana mtafute wakili akuandalie hati ya kubadili jina mapema. Cheti cha kuzaliwa nacho wanataka kimethibitishwa na wakili, hiyo fanya safari hiyo hiyo moja. Jua pia kwamba karatasi ya matokeo ya form four au six haikubaliki, wala matokeo ya muda ya chuo, wanataka cheti chenyewe, na kama ulisoma nje ya nchi ngazi ya form four na six inahakikiwa NECTA, cheti na diploma NACTVET, digrii TCU.

Vyeti piga skani mara moja tu, kila kimoja faili lake la PDF, ujitumie kwenye imeili yako mwenyewe vikae huko, hutalipia tena steshenari kila tangazo likitoka. Picha ya simu uliyopiga cheti kiko juu ya mkeka na kivuli cha mkono kimekatiza katikati, hiyo haisomeki, usiitume.

Kwenye kuomba sasa. Soma sifa za mwombaji kabla ya kuangalia mshahara. Wanataka diploma ya ugavi na wewe una ya uhasibu, achana nalo, kwenye mfumo halitapita na wewe utakaa miezi unasubiri simu. Lakini pale sifa zinapokubali kaa chini uandike barua mpya, taja nafasi yenyewe, chukua majukumu mawili matatu yaliyoandikwa kwenye tangazo useme umeshayafanya wapi, weka saini kwa kalamu ndo uskani. Barua isiyo na saini ni kazi bure.

Najua mtasema uzoefu tunatoa wapi. Uko hapo Katonga mwaloni, dagaa wanaposhushwa kutoka ziwani! Dada anayekaa na daftari anaandika magunia ya dagaa yaliyoingia, yaliyopakiwa kwenye gari, nani kalipa na nani anadaiwa, huyo ana uzoefu wa stoo na hesabu, ila kwenye CV anaandika "sijawahi kuajiriwa". Andika hivi: "Nilitunza kumbukumbu za mapokezi, usafirishaji na mauzo ya dagaa kwa mfanyabiashara wa Katonga", weka mwezi ulioanza na ulioishia, muombe bosi wako awe mmoja wa wadhamini wako watatu. Na kibarua kama hicho kikitokea kichukue, kinakulipia bando. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, mwaloni kumepoa, hizo ndo siku zako za kuandika barua na kuingia kwenye portal.

Usaili ndo unamaliza watu kabisa kwa sababu nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kutoka stendi yetu ya Masanga hadi Dodoma siyo mchezo. Ule wa walimu wa mwanzoni mwa 2025 ulifanyika mikoani, kwa hiyo hakikisha kwenye akaunti yako makazi yameandikwa mkoa unaoishi sasa, siyo ule uliosomea chuo. Ukiitwa Dodoma, kabla hujakata tiketi hakiki jina lako kwenye orodha ya tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, ndo wanaoendesha usaili wa serikali, usiondoke kwa kuambiwa kwenye grupu la wasapu.

Na hela usimpe mtu. Sekretarieti haitozi ada ya maombi. Meseji inayosema umechaguliwa tuma elfu thelathini ya fomu au ya vipimo, hata kama katumia jina la shirika la kambini unalolijua, ni tapeli, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha futa. Mama zetu wanauza mawese kupata hiyo hela jamani.

Kujitolea kupo, shuleni na kwenye zahanati, nenda ila kwa barua. Waombe wakuandikie barua ya kukupokea inayotaja kazi utakayofanya na muda, kwa mfano miezi sita, na ukimaliza wakupe nyingine ya kuthibitisha. Mkuu wa kituo akikataa kuandika chochote, nenda kituo kingine.